Vidole Kumi vya Shemeji

Mjukuu wangu alikaa Migori mjini majuma sita akajifunza kompyuta, akarudi na cheti chenye muhuri wa dhahabu, na kabla hata hajanawa mikono ale, akatangaza kwamba yeye sasa ni dizaina. Nilimuuliza dizaina ni mtu wa namna gani. Akasema ni mtu anayepanga picha na maandishi mpaka watu wakitazama tu, wanaelewa. Nikasema haya, tutaona kama wataelewa.

Majina ya watu wote nitakaowataja hapa ninayo kichwani, yao na ya baba zao, na ya mbwa wa baadhi yao. Sitaandika hata moja, maana wengi bado wako hai na wanajua njia ya kuja kwangu. Shule nilifika darasa la nne, na Kiswahili nilikiokota sokoni nikiwauzia vyungu Wakuria na watu wa ng'ambo ya mpaka. Basi nikikosea mahali, msomaji asonge mbele.

Msichana alipewa meza kwenye duka la kuchapisha pale Rongo. Kazi ilikuwa tele, kwa sababu huku kwetu mtu hazikwi bila bango. Bango moja husimamishwa kwenye kona ya barabara kuu, lina picha ya marehemu, jina lake na mshale, ili wageni wa mbali wajue wanaingilia wapi. Jingine hufungwa kwenye hema. Halafu kuna kile kijitabu cha historia ya maisha yake, ambacho waombolezaji hujipepea nacho. Ukitoka Rongo kwenda Awendo siku ya Jumamosi, utaona mabango mpaka udhani ni kampeni.

Na yote ni bango moja. Mawingu. Njiwa wawili weupe. Ngazi ya dhahabu inayopanda kwenye mwanga. Mjukuu wangu hakuichora ngazi ile. Aliipata imetengenezwa na mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua, na udizaina wake ulikuwa kutoa uso wa marehemu wa juma lililopita na kuweka wa juma hili. Mwizi wa kuku wa kijiji chetu alipanda ngazi ile. Mzee wa kanisa aliyempeleka yule mwizi kwa chifu alipanda hiyo hiyo majuma mawili baadaye. Nilimwambia mjukuu, hiyo ngazi ikivunjika siku moja, wafu wetu wote watakufa mara ya pili.

"Dani, watu wanapenda," akasema. Dani ndiyo nyanya kwa Kijaluo, na yeye hulivuta hilo neno akitaka nimwache.

"Watu wanapenda vitu vingi."

Nisionekane nachukia tu bila sababu. Na mimi nilipitia kazi ya kupamba. Nilipoolewa, ukuta wa nyumba ulikandikwa kwa udongo, na mke aliupamba kwa udongo mwekundu, majivu, na udongo mweupe wa kutoka mtoni. Ukuta wangu wa kwanza niliujaza maua, nyota, samaki na majogoo. Mama mkwe alikuja, akasimama mbali, akatazama, kisha akachukua kipande cha jembe akakwangua wote. Nikapamba tena, akakwangua tena. Mara ya tatu nilimuuliza huku nalia, mama, unataka nini? Akasema, "Nataka kuuona mlango." Nilikuwa nimepamba mpaka mlango umepotea. Ilinichukua misimu minne kujifunza kuacha sehemu tupu, na baada ya hapo nyumba ya bibi harusi haikupambwa huku kabla sijaitwa. Mjukuu wangu alifuzu kwa majuma sita. Ana akili kuliko mimi, lazima iwe hivyo.

Kisha akafa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu.

Alikuwa mtu wa miwa. Alikata miwa, akapakia malori ya miwa, mwishowe akawa anasaga miwa kwenye kimashine cha kutengeneza sukari nguru, na kimashine hicho kikala vidole viwili vya mkono wake wa kushoto. Hakuuficha mkono. Alisalimia watu kwa kuinua vile vitatu vilivyobaki, na watoto wa njia nzima walimjibu kwa vidole vitatu. Alikuwa mweusi, mfupi, hana shingo, na kofia yake ya kitambaa aliivua kanisani tu. Hata usiku sijui.

Mjukuu akaniletea bango nilione kabla halijapelekwa barabarani. Alikuwa na furaha kama mtu aliyezaa.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Dani! Si ni babu!"

Nilitazama. Mle katikati ya mawingu alisimama bwana mmoja mrefu, suti ya buluu, tai, mikono ameilaza kifuani vidole vyote nje, saa ya dhahabu inametameta. Juu ya suti palikuwa na kichwa kilichofanana na cha shemeji kwa mbali, kama binamu aliyekulia Ulaya. Kofia hakuna. Na alikuwa na shingo.

"Vidole amepata wapi?"

"Vidole gani?"

"Hesabu. Ni kumi. Alikufa navyo vinane."

Akacheka. "Dani, hiyo ni mwili ya kompyuta. Kila mtu anavalishwa suti. Ni heshima."

"Na rangi?"

"Nimemlainisha kidogo tu."

"Amekaa kwenye jua maisha yake yote, wewe umemtoa kwa asubuhi moja. Na jina lake liko wapi?"

Akanionyesha. Jina lilikuwa limeandikwa kwa herufi nyembamba za dhahabu, zenye mikia inayojikunjakunja, juu ya mwanga wa manjano. Nilisogeza jicho langu zima, la pili lina mtoto wa jicho, nikaona kitu kama nyuzi za mahindi. Mshale nao ulikuwa umejificha nyuma ya njiwa.

"Mlango uko wapi?" nikamuuliza.

"Mlango gani sasa, dani? Hii ndiyo kazi ya siku hizi. Wewe huwezi kuelewa."

Mjane wa shemeji alipoliona alilia kwa furaha, akasema mume wake amekuwa kama waziri. Basi mimi nikafunga mdomo. Mteja ameridhika, dizaina ameridhika, bibi kizee ni nani?

Jumamosi ile palikuwa na mazishi mawili kwenye barabara moja. Kona ya kwanza ilikuwa ya mwalimu mkuu mstaafu, ambaye kweli alivaa suti mpaka shambani. Kona ya pili ilikuwa yetu. Mawingu huku, mawingu kule, ngazi huku, ngazi kule. Ukoo wa mjane ulitoka Kendu Bay gari mbili, wakiongozwa na dada yake mkubwa, mama mmoja mwenye sauti inayovuka kilima. Walipunguza mwendo kona ya kwanza, wakaona bwana wa suti, jina halisomeki, wakasema hapa siyo. Wakafika ya pili, wakaona bwana mwingine wa suti, jina halisomeki, wakasema na hapa siyo, maana shemeji yao walimjua. Wakageuza, wakamuuliza dereva, dereva akasema kule kwenye kona ya kwanza kuna magari mengi. Wakaenda kwenye magari mengi.

Kwetu hatuingii matangani kimya kimya. Waliingia wakilia, yule dada mbele, mikono kichwani, akamlilia mwalimu mkuu mpaka wenyewe wakaguswa, wakawapa viti vya mbele na chakula. Walikula. Ni mpaka historia ya marehemu iliposomwa, ikafika kwenye shahada na safari za nje, ndipo wakaanza kutazamana.

Sisi tulikuwa tumengoja. Mhubiri akatazama saa, wazee wakanong'ona kwamba ukoo wa mke umetususia, mmoja akasema wazi kwamba hawakuwahi kumtaka shemeji. Mjane alisikia. Tukazika. Walipofika, udongo ulikuwa umeshasawazishwa kwa majembe, na yule dada akasimama pale bila kulia, anahema tu.

"Mmenifanya nimlilie mtu nisiyemjua mpaka sauti ikaisha," akasema. "Sasa wangu nimlilie na nini?"

Akaliendea bango la kwenye hema, akalikaribia, akahesabu vidole kwa kidole chake mwenyewe, mpaka kumi. Akamgeukia mdogo wake: "Ulizika mume wa nani?" Wakaondoka hawajanywa hata chai. Kwa muda mrefu yule mdogo wake hakupokewa simu Kendu Bay.

Habari kama hiyo haihitaji bango kutangazwa. Rongo nzima iliijua Jumatatu. Mwenye duka hakumfukuza mjukuu wangu, alimhamishia kwenye mashine ya kutoa kopi, akasema mabango yafanywe na mtu wa Migori. Ambaye naye ana ngazi. Msichana akawa anatoa kopi za vitambulisho kutwa nzima, na jioni anakaa jikoni kwangu na simu yake. Siku moja akasema ataacha, ataenda kusuka nywele Homa Bay.

"Nywele za watu ukizikosea huwezi kubadilisha kichwa," nikamwambia. "Kabla hujaenda, nitengenezee mimi."

"Kadi ya kuzaliwa?"

"Bango. La kuzikwa."

Mama yake, mke wa mwanangu, aliangusha mwiko. "Yawa! Mama, hiyo ni kujiitia kifo!"

"Kifo kinaijua njia ya hapa, hakingoji mshale. Ninachoogopa ni suti. Nikifa ndipo mfanye, mtaniweka kwenye mwili wa msichana wa benki na mimi siwezi kusema kitu. Nataka nilione nikiwa na mdomo."

Mfano wa kwanza ulikuja kwenye karatasi, una ngazi. Nikasema, mimi na goti hili unanipandisha wapi? Wa pili hauna ngazi, una maua ya waridi kila pembe. Sijawahi kupanda ua la waridi. Nikauliza mlango uko wapi, nikauweka motoni, ukaivisha chai. Wa tatu niliufunga kwenye ua wa michongoma, nikavuka barabara, nikasimama upande wa pili kwa jicho langu moja zima. Sikusoma. Nikamwita yeye asimame pale pale nilipo. Na yeye hakusoma, na ni kazi yake. Alisimama pale muda mrefu, akaacha waendesha bodaboda wampite, kisha akaingia ndani. Sikumfuata. Mama mkwe hakunifuata mimi.

Baada ya hapo alibadilika, au labda alichoka kukwanguliwa. Alianza kubandika karatasi ukutani na kwenda kuzitazama kutoka choo cha nje. Alitoa vitu zaidi kuliko alivyoweka. Aliniuliza watu wa mbali hunitambua kwa kitu gani, nikasema kwa uzuri, akasema dani, niambie ukweli. Kwa picha nilijiandaa, nikavaa gauni la Akina Mama wa kanisa na kitambaa cheupe, nikakaa wima. Hakunipiga hiyo. Alingoja nikavua, nikaanza kumtukana kuku aliyepanda juu ya unga, ndipo nikasikia simu imelia tii.

Aliponiletea, nilikasirika kweli. Ni mimi, na lile shati la jikoni, jicho moja kubwa kuliko jingine, mdomo umebetuka upande wa kushoto kama ninavyoubetua. Nyuma hakuna kitu, ukuta wangu wa udongo tu. Chini jina langu, herufi nene nyeusi, kisha mstari wa jina la kijiji, na mshale mmoja unaoonekana hata na ng'ombe.

"Hii mikunjo ya uso itoe," nikasema.

"Hapana."

"Si ulimlainisha babu yako? Na jino hapa uniwekee. Moja tu."

"Dani, hapana. Nikikuwekea jino, watu wa Kendu Bay watakupita."

Miaka yote niliyomlea, hajawahi kuniambia hapana mara mbili mfululizo. Nilimtazama vizuri. Hakuwa anavuta lile neno dani, alilisema fupi, kama mtu aliye kazini. Nikabetua mdomo.

Akalichapisha kubwa, mwenyewe, kwenye turubai. Asubuhi tukalifunga kwenye michongoma tulipime kutoka barabarani, na kabla hatujavuka, chungu changu kikaanza kumwagika, nikarudi jikoni.

Ndipo nikasikia kilio. Ilikuwa sauti ile, inayovuka kilima. Dada wa mjane alikuwa amekuja hatimaye kutoka Kendu Bay kusuluhishana na mdogo wake, njia yao inapita kwangu, na hata hakushuka vizuri kwenye pikipiki. Aliliona bango kutoka kule chini penye daraja, akaanza kulia tangu kule, akaingia kwangu mikono kichwani, leso imeanguka, analia jina langu lote, la baba yangu na la bibi yangu, bila kukosea hata moja.

Nikatoka na mwiko mkononi. "Nyamaza basi, sijafa."

Alipiga yowe jingine, baya kuliko la kwanza, akaketi chini palepale. Ikabidi apewe maji. Alipopata pumzi alinitukana, akaitukana nyumba yangu na ukoo wa mume wangu. Kisha akainuka, akalikaribia bango, akaweka kidole kwenye ule mdomo uliobetuka.

"Hata mdomo ni ule ule," akasema. "Hili limefanywa na nani?"

Mjukuu wangu alikuwa amesimama nyuma ya ua, hathubutu kutoka. Nikamwonyesha kwa mwiko. Yule mama akamtazama juu mpaka chini, akamjua ni yule yule aliyempa shemeji vidole kumi. Mwishoni akasema kwao wanajiandaa kwa kumbukumbu ya marehemu mume wake, na picha iliyopo ni moja, amevaa kabuti la mvua.

"Kabuti libaki," mjukuu wangu akasema haraka. "Sitalitoa."

Wakaingia ndani kuongea. Mimi nikabaki nje, nikavuka barabara, nikalitazama lile bango peke yangu kutoka upande wa pili. Waliponiita chai, nilimwambia msichana kwamba herufi za mstari wa chini bado ni ndogo.

"Najua," akasema, na akanionyesha karatasi ya mfano: alikuwa ameshaziwekea alama ya kalamu tangu asubuhi.