Ukuta Uliotaka Chokaa

Nyumba yetu ya Dodoma ilijengwa na Mwingereza wa reli kwa mtindo wa kwao: matofali mekundu yaliyoachwa wazi, paa la mwinuko mkali, na dohani ambayo hatukuwahi kuwashia moto. Tuliinunua miaka ile saruji ilipoanza kujaa madukani, baada ya muda mrefu wa kuipata kwa kibali. Kila mwenye nyumba alitaka lipu. Nami nikaupiga lipu ya saruji ukuta wa mashariki, majirani wakanipongeza.

Misimu miwili ya mvua ikapita, lipu ikavimba. Ilipodondoka iliondoka na nyuso za matofali. Mkaguzi wa majengo akaingiza kidole kwenye tundu.

“Mama, huu ubomolewe kabla ya mvua. Ama mhame.”

Hatukuwa na pa kuhamia. Nikamwomba muda, akanipa hadi mvua zianze.

Fundi wangu wa Chang'ombe, mtaa wa hapa hapa Dodoma, alikuwa na jibu moja: saruji zaidi. Nikachukua msumari, nikakwangua kiungo kati ya matofali mawili. Ukadondoka unga mweupe.

“Chokaa hiyo,” nikasema.

“Dada, chokaa ni ya kupaka makaburi!”

“Na nyumba hii imesimama nayo tangu hatujazaliwa, mimi na wewe.”

Nilimweleza nilivyoelewa, nanyi nawaeleza hivyo hivyo, kwani si jambo gumu. Tofali la zamani hunywa maji. Kiungo cha chokaa ni laini kuliko tofali, kwa hiyo unyevu hutoka kupitia hapo. Ukiufunika ukuta kwa saruji, unyevu unakosa njia, unautoboa uso wa tofali lenyewe. Tena tazama mpangilio: tofali moja limelala ubavu, la pili limetoa kichwa. Hilo la kichwa limepenya hadi ndani, limeshika ukuta wa nje na wa ndani pamoja. Ndiyo maana haukuwa umeanguka.

Tukalaza chokaa kwenye pipa la maji wiki mbili. Nilibandua lipu mwenyewe kwa patasi, kila siku nikitoka kazini.

“Unaivua nyumba nguo mchana kweupe!” fundi alinitania, huku akigeuza matofali yaliyomenyeka, uso mzima ukae nje, na kuyaunga kwa chokaa ile.

Mvua ya kwanza iliupiga ukuta asubuhi. Kufikia alasiri ulikuwa mkavu. Mkaguzi akaugonga kwa ngumi, akasikiliza, akagonga tena.

“Kaeni,” akasema.

Nilimshukuru, nikachukua patasi na kuzunguka upande wa magharibi, ambako nilikuwa nimepiga lipu kidogo chini ya dirisha.