Kabla Hujaunda Upya Kiini cha Kompyuta

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu ambayo sijaisahau. Nikikuona umeinamia hiyo kompyuta, ukiniambia unataka kuunda upya kiini cha mfumo wake, ile programu ya ndani inayoendesha vyote vingine, hofu ya siku ile inanirudia. Umenieleza vizuri, nisikuonee. Kiini ulichonacho kimetengenezewa kompyuta za kila namna, kimebeba mizigo isiyoihusu yako, na yako ni kuukuu, inahema. Sawa. Hata mimi nilikuwa na sababu.

Kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Sikonge, kilikuwa na mashine moja ya kusaga, na mimi ndiye niliyekabidhiwa baada ya mafunzo mjini Tabora. Ililetwa imepangwa kwa mahindi, na sisi tulikula mtama na uwele. Punje ndogo zilipenya kwenye chekeche, lile bati la matundu ambamo unga hupita, zikatoka hazijasagika. Wanawake wakawa wanakwenda kutwanga upya nyumbani. Dada yangu Zaituni alikuwa mjamzito, na mimba za kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika. Nilikuwa namsikia anavyotwanga, jamani, kila pigo la mchi linaniingia mimi.

Nikaamua kuyapunguza matundu. Bati zito halikupatikana dukani wakati ule, usiniulize. Basi nikalifungua chekeche lenyewe, nikaliweka juu ya jiwe, niligonge kwa nyundo mpaka matundu yajibane.

Ndipo akatokea Mzee Bakari, mhunzi wa Ng'ambo kule Tabora, aliyekuja kutuuzia majembe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anaitazama nyundo. Nikamweleza mpango wangu, nami najiona fundi kweli kweli.

"Kesho likikataa," akaniuliza, "dada yako atakula nini?"

Nikamjibu haliwezi kukataa. Alikasirika yule mzee, sijawahi kumwona vile.

"Binti, kubadili sikukatazi. Ila hicho kinachowalisha watu usikiguse mpaka kipya ukione kinasaga."

Akaninyang'anya nyundo. Baadaye akaniletea kipande cha bati zito la lori bovu, nikakitoboa mwenyewe, vidole vikavimba. Nikakifunga. Wanawake wamepanga vikapu, Zaituni yumo, nami nikawasha.

Mashine ikanguruma, ikakohoa, mkanda ukaanza kunuka moshi, kisha ikazimika. Matundu yalikuwa madogo mno, unga ulishindwa kutoka. Zaituni akabeba kikapu chake akaanza kuondoka, nami nilijua anakwenda kwenye kinu.

Nikamwambia asubiri. Nikarudisha chekeche la zamani, nikikaza parafujo moja moja. Mashine ikawaka. Unga ulikuwa wa chenga kama kawaida, lakini watu walikula. Nilikaa chini nikalia, mwanangu, kwa kufikiria ingekuwaje kama nyundo ile ingelishukia.

Niliendelea kuyapanua matundu ya lile jipya kidogo kidogo, nikijaribu jioni watu wakishasaga, mpaka likatoa unga laini. Zaituni akapumzika kutwanga. Mtoto aliyemzaa ndiye baba yako.

Kwa hiyo sikuzuii. Kitu kilichotengenezewa watu wote, mtu ana haki ya kukipunguza au kukiongezea kimfae yeye. Lakini ujue unakitakia nini, usifanye kwa kujionyesha tu. Kazi zako ziweke nakala pembeni. Na kiini cha zamani kiache palepale, kizima, ili kipya kikikugomea uwashe kwa kile. Usijaribu siku ambayo mtu anakungoja. Na ukiogopa, usione haya. Mimi niliogopa, na hofu ile ndiyo iliyonifanya nikaze parafujo vizuri.

Mungu akuongoze mikono, akupe subira, na ukiharibu akupe pa kurudia. Haya, washa. Nimekaa hapa.