Kibuyu cha Kuaga cha Mama Verdiane

Shamba alilolima Mama Verdiane hapa Nyabiondo halikuwa lake. Lilikuwa la Papa Kabera Barthélemy, jirani yetu wa upande wa juu, na nyumba ya majani alimolala na watoto wake ilisimama pembeni ya lile shamba. Mapatano yao yalikuwa kama ya wote wanaokodi udongo huku kwetu. Mukodi analima maharagi na muhogo, na kila mavuno anapandisha kitunga cha maharagi kwa mwenye shamba. Akitaka kuondoka, anapeleka kibuyu cha kasiksi, ile pombe ya ndizi, kiisha mavuno ya mwezi wa sita, mbele mvua ya mwezi wa tisa haijaanza. Mwenye shamba akionja, amejulishwa.

Verdiane alizaliwa Ngungu. Alikuwa mwanamuke murefu, mwenye kutembea haraka. Hata siku ya Mungu alibeba jembe lake mpaka kwenye kanisa, akaliegemeza kwa ukuta inje, na kiisha misa akaingia nalo shambani bila kupita nyumbani. Katekista alimuambia siku moja, “Mama, leo ni siku ya kupumuzika.” Alijibu, “Ndiyo, ninaenda kupumuzikia kule.” Muhogo aliumenya bila kuutazama, macho yake yakifuata watoto ao watu waliopita njiani.

Mume wake, Viateur, alipasua mbao Kalembe, kwenye mupaka wa Walikale. Mwaka 1953, katikati ya kiangazi, alituma habari kupitia mwenzake wa kazi, Jean-Bosco, aliyekuwa anapita Nyabiondo.

“Bwana yako amepata shamba,” Jean-Bosco alisema. “Udongo mweusi. Lakini mwenye shamba hangoji sana. Mvua ya kwanza ikinyesha bila jembe lenu mule, anamupa mwingine.”

Verdiane akapika kasiksi. Mama yangu alimupa ndizi. Kibuyu kilipokuwa tayari alikipeleka kwa Papa Kabera, akapiga magoti kidogo, akasema, “Papa, bwana yangu ananiita Kalembe. Nimekuja kukuaga.” Papa Kabera alionja, akauliza habari za watoto, akaonja tena. Alisema pombe iko muzuri. Basi, mambo yakaishia pale.

Kesho yake Mama Adelaïde, muke wa Kabera, alirudisha kibuyu. Kilijaa maharagi ya madoadoa mpaka shingoni.

“Barthélemy anakusalimia,” alisema.

“Aksanti sana, Mama. Mumushukuru.”

Kwao Ngungu hakuna muntu anayerudisha chombo kitupu; ni adabu tu. Jioni ile Verdiane akayapika yale maharagi pamoja na sombe, majani ya muhogo. Watoto walikula mpaka wakapangusa chungu.

Kiisha pale akaanza kung'oa muhogo uliokomaa, akaumenya na kuuanika juu ya mawe. Papa Kabera alipopita akasimama.

“Mama Verdiane, mbona unang'oa hivi?”

“Ninang'oa ule mukubwa tu, Papa. Mudogo ninakuachia.”

“Unaniachia namna gani, na unabaki?”

“Ninabaki wapi?”

“Hapa. Zile mbegu nilikutumia ziko wapi?”

“Mbegu gani? Maharagi? Tulikula.”

Papa Kabera alikaa chini, palepale kwenye maganda ya muhogo. “Ulikula mbegu,” alisema.

“Papa, ile ilikuwa zawadi.”

“Zawadi inawekwa ndani ya kitunga. Ndani ya kibuyu cha kuaga tunaweka mbegu. Maana yake, sitaki uende, lima tena msimu mumoja. Asiyetaka anarudisha kibuyu vile kilivyo. Weye haukurudisha. Na Benoît alikuja kuniomba hili shamba, nikamufukuza, nikasema Mama Verdiane amekubali.”

Benoît, mukodi mwingine wa hapa, alikuwa amekwisha kupata udongo kwa muntu mwingine. Mugongo wa Papa Kabera ulikuwa wa kuuma, na watoto wake wa kiume walikuwa mbali. Kama Verdiane anaondoka, shamba linalala. Kama anabaki, lile la Kalembe linapotea. Niliuliza mama yangu kwa nini Mama Adelaïde hakueleza neno siku ile ya kibuyu. Mama alinitazama kama vile nimeuliza kwa nini maji yanateremuka. “Nani anaelezea muntu muzima kazi ya kibuyu?” alisema.

Kule mutoni wanawake walicheka.

“Mama Verdiane amekula msimu muzima na chumvi,” alisema Mama Léontine.

“Na sombe,” Verdiane akajibu, akaendelea kufua.

Alijaribu kurudisha maharagi mekundu ya kwake. Papa Kabera alikataa, akasema hayo siyo yale. Basi akamufuata yule Mama Léontine aliyemucheka, kwa sababu alikuwa na mbegu ya madoadoa ya kwa Kabera, akabadilishana naye kwa muhogo mukavu. Akapandisha kibuyu kimejaa. Papa Kabera alikataa tena.

“Mbegu ikikwisha kuliwa, kunabaki kupanda tu. Mimi sikuitunga hii desturi, Mama. Niliikuta.”

Verdiane alikiinua tena kile kibuyu. “Basi nitapanda,” alisema.

Asubuhi yake tulimuona shambani. Udongo ulikuwa mukavu, jembe lilitoa vumbi, na mawingu bado yalikaa mbali juu ya milima. Hakuna muntu wa Nyabiondo anayepanda maharagi kwenye vumbi. Ndege na panya wanakula yote. Yeye alichimba mashimo ya kina kuliko kawaida, akaweka mbegu, akafunika na udongo, kiisha akatandika majani makavu ya ndizi juu yake. Watoto walibeba majani. Watu waliopita walisimama kwenye njia, wengine wakamupigia mbinja. Papa Kabera alishuka na fimbo yake.

“Mvua bado, Mama.”

“Mvua yangu iko Kalembe, Papa. Hii ya hapa njo yako.”

“Na kupalilia?”

“Ulinipa mbegu. Haukunipa palizi.”

Papa Kabera aliingia shambani. Alitembea katikati ya mistari, akiinua majani hapa na pale kwa fimbo, akitazama kama kweli mbegu iko chini. Ilikuwa chini.

Mbegu zilipoisha, Verdiane alikipeleka kibuyu kwa Kabera, akakiweka mulangoni, mudomo ukitazama chini. Mama Adelaïde alikiinua, akakitikisa karibu na sikio la mume wake.

“Kiko tupu, Barthélemy. Unataka nini tena?”

“Sitaki kitu.” Kisha akamugeukia Verdiane. “Uende. Umusalimie Viateur.”

Waliondoka siku ileile, yeye na watoto, kila mumoja na mzigo wa muhogo mukavu wa kadiri yake. Jean-Bosco alitusimulia baadaye kwamba mvua iliwakuta karibu kufika, na Verdiane aliweka mzigo chini mulangoni kwa Viateur, akauliza shamba liko upande gani, akaenda kulima mbele ya kula.

Maharagi ya Nyabiondo yaliota kwa viraka. Pale majani yalipokuwa mazito yaliota vizuri, pahali pengine ndege walishinda. Papa Kabera alipalilia mwenyewe, pole pole, na alilalamika sana. Mwezi wa pili Benoît akaacha udongo wa yule mwingine, akachukua lile shamba.

Kiisha mavuno, Mama Adelaïde alimupa Jean-Bosco maharagi ya madoadoa ayapeleke Kalembe. Aliyatia ndani ya kitunga. Jean-Bosco anasema Verdiane hakuyagusa kwanza. Alikizunguka kile kitunga, mikono kiunoni.

“Ninapika ao ninapanda?” aliuliza.

“Mimi ni mubebaji tu, Mama.”

Alipika nusu. Nusu ingine akaitundika juu ya moshi, ingoje mvua.