Asubuhi Niliyolisikia Neno Fanaa

Majani ya viazi yaliyouawa na baridi yana harufu yake, kama mboga iliyosahaulika sufuriani, na hadi leo naitambua nikiwa mbali.

Tulikuwa tumehamia Timau kutoka Mbeere, kule chini kwenye joto, ukame ulipotufukuza. Baba hakuipenda baridi hata siku moja. Alisema wazi kwamba viazi vya kwanza vikikataa, tunarudi. Mama, aliyemzika kaka yangu kule wakati wa njaa, hakutaka hata kusikia.

Asubuhi moja tuliamka tukakuta shamba lote jeupe. Ilikuwa jalidi, umande ulioganda. Sisi watu wa joto tuliona uzuri mtupu, na Baba akasema tungoje jua liiyeyushe. Tukakaa tukiota moto, wajinga kabisa.

Mama Kendi, jirani yetu Mmeru, alikuja mbio.

"Mnakaa nini? Mwageni maji sasa hivi! Jua ikigonga hiyo majani, itaungua yote!"

Tulikimbia naye mtoni na ndoo. Maji yalinikata vidole. Kila nikimwaga nilitazama juu, na mwanga wa jua ulikuwa ukishuka mteremko kuja kwetu. Niliuogopa kuliko fisi. Ulitufikia tukiwa bado kwenye mistari ya kwanza, na haukupita muda shamba likawa jeusi.

Mzee Hassan wa Makutano, mwenye lori lililobeba viazi vya majirani, alikuja akasimama kando ya Baba.

"Fanaa," alisema taratibu.

Nikamuuliza maana yake. Mimi nilikuwa mdadisi hata msibani.

"Ni neno la Kiarabu, mwanangu. Babu zetu wa pwani walilipokea pamoja na dini. Ni kitu kinachopita, hakikai. Maalimu wangu alisema dunia yote ndivyo ilivyo."

"Basi tufunge mizigo," Baba akasema.

Mama akapiga magoti, akafukua kwa vidole, akatoa viazi vidogo kama gololi na kumwekea Baba kiganjani.

"Na hii, Mzee Hassan, mnaiitaje? Huku chini iko hai. Hatuendi mahali."

Baba alivifuta udongo kwa kidole gumba. "Haya," akasema, "tungoje."

Hatukuondoka tena. Leo nalima shamba lile lile, na najua kwamba kiazi kilichopoteza majani mapema namna ile hakinenepi. Mama alipozeeka nilimuuliza kama alilijua hilo.

"Mama Kendi aliniambia tukiwa mtoni," alijibu. "Lakini baba yako hakuwa amesikia."