Salamu za Khubaib

Khubaib alisalimia hata kwenye faili. Tulikuwa wawili tukiandika programu za kampuni ya kutoa mizigo bandarini, yeye kwake Kibokoni, mimi chumbani kwangu Buxton. Kila faili lake lilianza na barua: "Sabalkheri, ndugu yangu Barnabas. Umeamkaje? Mama hajambo huko bara? Hapo chini nimebadilisha namba za kontena." Kompyuta huyaruka maelezo kama hayo, lakini mimi niliyasoma yote. Alikuwa mcheshi, ila maneno mazito hayakumtoka mdomoni. Hayo aliyaandika.

Mwezi wa nne alinigombeza mbele ya bosi kwa kosa lisilo langu. Nikanuna wiki tatu. Salamu zake zikaanza kunikera, nikatafuta dawa. Git, programu inayotunza matoleo ya kazi yetu, hukubali kuamriwa irekebishe faili kabla ya kulihifadhi. Nikaandika amri ya mistari sita ya kufuta maelezo yote ya juu, nikaipenyeza hadi kwenye kompyuta yake. Sikumwambia. Kesho yake alituma faili la mwisho kabla ya kwenda Hija. Lilinifikia jeupe, bila salamu, nami nikafurahi, mjinga mimi.

Khubaib alifia Makka kwa ugonjwa wa moyo. Nilikwenda Kibokoni kuwapa pole jamaa zake, na dada yake mkubwa, Bi Swabaha, akanipokea mlangoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wewe ndiwe Barnabas?" Akanitazama sana. "Kila aendaye Hija hutaka radhi kwa watu kwanza. Sisi alituzunguka nyumba kwa nyumba. Wewe aliona haya, akakwandikia kwenye kazi yenu. Alisema alikukosea mbele za watu. Ulimsamehe?"

Nikalikumbuka lile faili jeupe.

"Nimemsamehe, dada."

"Alhamdulillahi. Basi ungemjibu, ndugu yangu. Alikuwa akitazama simu mpaka anaingia kwenye ndege."

Sikuwa na ujasiri wa kumweleza. Nilirudi Buxton nikafungua matoleo yote, moja baada ya jingine. Git haipotezi kilichohifadhiwa, lakini amri yangu ilikuwa inafuta kwanza, hukohuko kwenye kompyuta yake. Naijutia mistari ile sita kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Faili la mwisho la Khubaib linaanza na namba za kontena.