Nguzo Iliyoziba Goli

Jamani, aibu hii naisimulia mwenyewe kwa sababu Ruangwa wanaijua yote, na afadhali muisikie kwangu kuliko kwa shemeji yangu, maana yule kwa kuongeza chumvi hana mpinzani.

Mimi ni mtu wa Lionja, Nachingwea, nimeoa Ruangwa, na kama ilivyo kwetu huku mwanamume ndiye anayehamia ukweni (msicheke, mtaoa tu). Mama mkwe alikuwa na nyumba ya zamani ya miti iliyokandikwa udongo, marehemu mume wake aliijenga kwa mkono wake, nguzo na boriti za mninga mtupu, nami nikamwomba niigeuze kibanda umiza, watu walipe waangalie mpira. Akakubali, ila majibu yakaja kupitia mke wangu, maana mkwe na mama mkwe wanaheshimiana, hawapigi soga: "Mwambie kuta za ndani abomoe, nguzo ya kati asiiguse, ni mkono wa mzee ule."

Nikabomoa, nikapanga mabenchi, nikafunga runinga. Siku ya ufunguzi ukumbi ukajaa, kelele zikaanza kabla ya mpira: "Bosi, nguzo yako inatuzibia goli!" Sasa mimi, ubosi wenyewe wa asubuhi ile, kichwa kikavimba. Nikatazama juu nikaona boriti zimetulia zamani, nikajiuliza nguzo moja inafanya kazi gani pale, nikachukua msumeno nikaikata chini, ikagoma kutoka, basi nikavua mkanda wa suruali nikaifunga nikavuta.

Ikatoka. Wakanipigia makofi.

Halafu nyumba ikalia kwaa, udongo ukamwagika vichwani, boriti ikaanza kushuka, na mimi niliyekuwa chini yake nikaidaka kwa mikono miwili. Wateja wakatimka kupitia milangoni na madirishani, mmoja na runinga yangu kwapani (anasema alikuwa anaiokoa), nikabaki peke yangu nimeinua mikono, na suruali isiyo na mkanda ikateremka taratibu hadi miguuni. Hapo ndipo alipoingia mama mkwe.

Akageukia ukutani haraka. Kwa mara ya kwanza tangu nioe, akanisemesha mwenyewe.

"Mkwe, pandisha suruali."

"Mama, nikipandisha suruali nyumba yako inashuka."

Akaukazia ukuta macho.

"Basi shika nyumba."

Akavua khanga ya juu akanirushia kinyumenyume bila kutazama, ikatua kichwani mwangu, yaani ikafunika sehemu pekee isiyokuwa na tatizo. Nilitamani ardhi inimeze, nawaambia kweli, lakini nayo ingenimeza na nyumba ya watu.

Wanaume wakaja wakairudisha nguzo, wakaiwekea jiwe chini maana niliifupisha. Jioni mke wangu akaniletea ujumbe wa mama yake, huku anajikaza asicheke: biashara iendelee, ila kiti cha nyuma ya nguzo ni changu.

Ndiko ninakokaa hadi leo. Mabao nayasikia kwa wenzangu wanaposhangilia, na siku wageni wakilalamika kwamba nguzo inaziba, mimi ndiye wa kwanza kuwaambia wahame benchi.