Mapumziko ya Mama Povu

Kwa miaka tisa Mama Povu alifua shuka, sare na soksi za wasichana wa bweni katika shule ya masista. Jina hilo walimpa wanafunzi wenyewe, naye hakulichukia. Aliwajua kwa nguo zao: nani hufuta wino kwa mkono wa shati, nani husahau barua mfukoni, nani hulia kwenye foronya.

Binti yake alikuwa kidato cha pili hapohapo. Siku mumewe alipozikwa, Sista Mkuu alimshika mkono akamwambia, "Wewe tufulie, sisi tutakusomeshea mtoto." Hakuna karatasi iliyoandikwa. Neno la sista lilitosha.

Jumatano ya Majivu, baada ya misa, mwenyekiti wa kikundi cha haki na amani alikuja uani na wenzake watatu. Alikuwa msichana mrefu mwenye miwani, akiongea utadhani anagombea ubunge.

"Mama, Kwaresima hii tumeamua kujinyima. Siku zote arobaini tutafua wenyewe. Wewe upumzike."

"Hata shuka?"

"Hata shuka!"

"Jamani, kusuuza mnakujua nyie?"

Wakacheka wote, naye akawaombea baraka.

Kesho yake matroni akamwita. "Dada, hatujakufukuza. Ila kazi haipo, na pasipo kazi hakuna malipo. Baada ya Pasaka utarudi."

"Na mtoto wangu?"

"Aendelee kwa sasa. Ila usilikuze jambo. Sista ana furaha sana na hawa watoto, kamwandikia hadi askofu."

Akarudi nyumbani na yale maneno mawili: kwa sasa. Aseme nini, na kwa nani? Akilalamika, wataambiana shukrani ya punda ni mateke. Akinyamaza, na jiko nalo litanyamaza.

Akapata kibarua cha kufua kwenye gesti nyuma ya soko. Chumba cha kufulia hakikuwa na dirisha. Msimamizi aliogopa shuka zisiibwe, kwa hiyo kila asubuhi alimfungia kwa nje, akamfungulia mchana. Mama Povu alifua ndani ya mvuke na harufu ya dawa ya madoa iliyomchubua mikono. Akitaka kwenda msalani aligonga mlango, na mara nyingi hakusikiwa.

Wiki ya tatu aliitwa shuleni, kwenye mkusanyiko wa asubuhi. "Mama," alisema Sista Mkuu akitabasamu, "tuelezee, mapumziko yamekuwaje?"

Wasichana mia tatu walimtazama. Binti yake alikuwa mstari wa nne. Mama Povu akaificha mikono ndani ya kanga.

"Nashukuru," akasema. "Nimepumzika sana. Mungu awabariki."

Makofi yakapigwa. Binti yake peke yake hakupiga.

Alipofika getini akasikia miguu ikikimbia nyuma yake. Alikuwa mwenyekiti, anahema. "Mama, mwanao kaniambia yote. Mbona hukusema pale?"

"Ningesemaje, mwanangu? Mbele za watu wote wale, kwamba wema wenu umenikaba?"

Msichana akavua miwani, akaishika tu. "Tulitaka kukusaidia."

"Najua. Mngeniuliza kwanza."

Siku hiyohiyo msichana alikwenda kwa Sista Mkuu. Sista hakuwa mtu mbaya, na aliposikia aliona haya kwelikweli. Lakini barua ilishafika kwa askofu, na Jumapili ya Matawi wageni wangekuja kuwapongeza watoto. "Tuvumilie wiki chache," alisema. "Tusiwavunje moyo."

Pasaka ikapita, Mama Povu akarudishwa, ila kwa siku tatu tu za juma. Wasichana walishaonyesha kwamba soksi na sare wanaziweza. Siku zilizobaki akawa anafungiwa kulekule gesti.

Mwenyekiti hakutulia. Akaandika barua ya kuomba Mama Povu apewe mkataba wa maandishi, wa kazi na wa masomo ya mtoto, na wanakikundi wote wakatia saini. Safari hii akaileta kwake kwanza, uani, kati ya kamba za nguo.

Mama Povu aliisoma polepole, kidole juu ya kila mstari. "Hapa mmeandika 'mama huyu maskini.' Toeni 'maskini.'"

"Tutalitoa. Halafu tuipeleke?"

Akaikunja barua mara nne, akaitia kifuani.

"Sista akiudhika, anayetolewa darasani si wewe. Mwanangu akimaliza kidato cha nne, nitaipeleka mwenyewe."

"Mama, hiyo ni miaka miwili na zaidi! Mimi sitakuwepo."

"Wewe hutakuwepo," alikubali Mama Povu. Kisha akainama, akaanza kuloweka shuka za bweni la pili.